Vidonda vya Ngozi Vinavyoletwa na Dawa za Kulevya Zilizochanganywa

Makala hii ni kwa wazazi na vijana wetu wa Buffalo, hasa wanaoishi Lower West Side. Ukiona kidonda cheusi kwa mwanao, usikimbilie kusema ni uchawi au laana. Huenda kimetokana na dawa za mifugo zilizochanganywa kwenye unga.

Levamisoli
Wafugaji wa nyumbani wanaijua: ni dawa ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe. Wauzaji wameichanganya kwenye kokeini. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilieleza kuwa asilimia 69 ya kokeini iliyokamatwa ikiingia nchini ilikuwa nayo. Huziba mishipa midogo ya damu, na mabaka ya zambarau au meusi hutokea masikioni, puani na mashavuni. Pia hupunguza chembechembe nyeupe za damu, kwa hiyo homa na maumivu ya koo ni dalili za hatari.

Zailazini
Hii hutumiwa kulaza ng'ombe na farasi, na haijaruhusiwa kwa binadamu. Huchanganywa na fentanili. Aprili 2023 White House ilitangaza mchanganyiko huo kuwa tishio jipya. Vidonda hutokea mikononi na miguuni, hata pasipochomwa sindano, na nyama hufa.

Ufanye nini?
- Osha kidonda kwa sabuni na maji safi. Usitie spiriti.
- Paka Vaseline, kisha funika kwa bandeji isiyonata.
- Usikate wala kubandua nyama nyeusi. Muone daktari mapema, na mwambie ukweli kuhusu alichotumia mgonjwa.
- Kukiwa na homa, usaha, harufu mbaya, au mfupa ukionekana, nenda hospitali siku hiyo hiyo.
- Mtu akizimia, piga 911, mpulizie naloksoni puani na mpe pumzi. Naloksoni haiondoi zailazini, lakini huzuia fentanili isimuue.

Mkalimani ni bure. Sema tu "Swahili". Usimtumie mtoto kutafsiri habari kama hizi.

Mabaka ya levamisoli mara nyingi hupona mtu akiacha kokeini. Kidonda cha zailazini nacho hutibika kikiwahiwa, ila kikifichwa kwa aibu kinaweza kugharimu mkono au mguu. Mficha maradhi, kilio humuumbua.