Je, Wajua? Nyota Iliyowaka kwa Kobalti

Je, wajua kwamba mwaka 1987 mabaki ya nyota yaliangaza kwa miezi mingi kwa nguvu ya kobalti? Tarehe 24 Februari mwaka huo, watazamaji wa anga huko Las Campanas, Chile, waliona nukta mpya ya mwanga ndani ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu iliyo umbali wa miaka ya nuru 168,000 hivi. Nyota kubwa ilikuwa imelipuka. Mlipuko wa namna hiyo huitwa supanova, na huo ndio uliokuwa wa kwanza kuonekana waziwazi kwa macho matupu tangu 1604.

Mabaki ya mlipuko hutanuka, na kinachotanuka hupoa. Ingetarajiwa basi nukta ile ififie upesi. Badala yake mwanga ulizidi kupanda hadi Mei, kisha ukaanza kushuka kwa utaratibu wa kushangaza: kila zikipita siku 77, unabaki nusu. Wanafizikia waliijua namba hiyo tangu zamani. Ndiyo kasi ambayo kobalti-56 hugeuka kuwa chuma. Mlipuko ulikuwa umeunda nikeli isiyodumu, nikeli hiyo ikageuka kobalti katika muda wa majuma machache, na kila atomi ya kobalti iliyogeuka chuma ilitoa miale ya gama iliyoyapasha mabaki joto. Kuanzia Agosti, setilaiti ya Marekani iitwayo Solar Maximum Mission, ambayo kazi yake hasa ilikuwa kulichunguza Jua, ilianza kuinasa miale hiyo yenyewe ikiwa na alama ya kobalti isiyofanana na ya kitu kingine. Hesabu zilionyesha kwamba kobalti iliyopatikana katika tukio hilo moja ilizidi uzito wa Dunia nzima mara 20,000 na ushei. Mgodi wa kiasi hicho hakuna kampuni ambayo ingeuombea kibali.

Kobalti inayotoka Kolwezi, mkoani Lualaba nchini Kongo, ni ya aina nyingine. Imo katika heterojeniti, lile jiwe jeusi ambalo ukilishika huacha weusi vidoleni, na atomi zake ni za kobalti-59, ambayo haigeuki kuwa kitu kingine hata ikikaa miaka bilioni. Hata hivyo asili ya hizo mbili ni moja. Kobalti ya Lualaba ilipikwa katika nyota zilizolipuka kabla Jua letu halijakuwapo, yaani zaidi ya miaka bilioni 4.6 iliyopita. Shaba iliyomo katika jiwe hilohilo ina historia ya taratibu zaidi: sehemu kubwa yake hujijenga ndani ya nyota nzito, viini vya chuma vikimeza nyutroni moja baada ya nyingine, hadi nyota ilipuke na kuitawanya.

Na je, mkazi wa Kolwezi angeweza kuiona supanova ile? Bila taabu. Februari ni mwezi wa mvua na mawingu, lakini Mei, ilipofikia kilele cha mwanga wake, mvua zilikuwa zimekwisha, na ilikaa upande wa kusini-magharibi saa za mwanzo za usiku. Wingu Kubwa la Magellan lenyewe bado lipo. Anayetaka kulitafuta wakati wa kiangazi aamke Agosti, saa kumi na nusu alfajiri, atoke nje ya taa za mji, atazame kusini kuelekea mashariki kidogo: ni doa hafifu la weupe ambalo wengi hulidhania wingu la kawaida.

Je, wajua kwamba habari ya kwanza ya mlipuko huo ilipokewa mgodini? Saa kadhaa kabla mtu yeyote hajauona mwanga, tarehe 23 Februari, ilipokuwa saa tatu na dakika 35 asubuhi kwa saa za Kolwezi, tanki la tani 3,000 za maji lililokuwa mita 1,000 chini ya mlima, katika mgodi wa zinki na risasi wa Kamioka nchini Japani, lilinasa nyutrino 11 kwa sekunde chache. Tanki jingine, katika mgodi wa chumvi huko Ohio, Marekani, lilinasa 8. Nyutrino ni punje ndogo mno ambazo hupenya karibu kila kitu. Zinatafutwa chini ya ardhi kwa sababu mwamba mnene huzuia punje nyingine za angani ambazo zingevuruga vipimo. Kwa kuwa galaksi ile haichomozi kamwe katika anga la Kamioka, nyutrino zilizonaswa zilikuwa zimepitia tumboni mwa Dunia zikatokea kwa chini.

Kolwezi nayo haikukwepa. Asubuhi ile galaksi hiyo ilikuwa chini kidogo tu ya upeo wa macho, upande wa kusini, kwa hiyo nyutrino zilipita karibu sambamba na ardhi. Ilikuwa Jumatatu. Zilipenya kuta za migodi ya kampuni ya Gécamines, zikawapenya na waliokuwa kazini chini ya ardhi huko Kamoto, mabilioni kwa mabilioni katika kila mwili, na hakuna aliyehisi kitu. Kusema kweli, mkoa wenye mashimo marefu namna hii ulikosa tu tanki la maji na watu wa kulilinda.

Aliyeongoza kazi ya Kamioka, Masatoshi Koshiba, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Aligawana tuzo na Raymond Davis, aliyekuwa amenasa nyutrino za Jua ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, na mtu wa tatu, Riccardo Giacconi, ambaye habari yake inatuleta pwani ya Waswahili.

Setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutafuta eksirei za nyota, kazi iliyoongozwa na Giacconi, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, nayo setilaiti ikapewa jina Uhuru. Eksirei za angani hazifiki ardhini, hewa huzimeza zote, ndiyo maana darubini ya kuzinasa lazima ipande juu. Kutoka Malindi, karibu na ikweta, iliweza kuzunguka juu ya ikweta yenyewe, ikilivuka anga la Kongo katika kila mzunguko wake wa dakika 96 hivi. Iliacha orodha ya vyanzo 339 vya eksirei, na vipimo vyake vya Cygnus X-1 vilisaidia kuonyesha kwamba shimo jeusi ni kitu kilichopo, wala si hesabu za karatasini tu.

Katanga, mkoa wa Kolwezi ulioitwa Shaba enzi za Rais Mobutu, nao ulirusha roketi. Kampuni ya Kijerumani OTRAG ilijaribu 3 huko kaskazini mwa mkoa: ya kwanza Mei 1977, ya pili Mei 1978, mwezi uleule wa vita vya Kolwezi, na ya tatu mwezi uliofuata, mbele ya Mobutu mwenyewe. Hiyo ya tatu ilianguka.

Je, wajua kwamba kuna galaksi iitwayo Cygnus A, mojawapo ya vyanzo vikali kabisa vya redio angani, ambayo mawimbi yake yanayotufikia leo yaliondoka huko miaka milioni 750 hivi iliyopita? Wakati huo tabaka za miamba ya Katanga, ambazo leo ndizo zenye shaba, zilikuwa bado zikijilaza chini ya maji, tabaka juu ya tabaka.

Ili kunasa mawimbi kama hayo, Afrika inajenga darubini kusini. Katika nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini, darubini ya MeerKAT yenye madishi 64 ilizinduliwa mwaka 2018, nayo itaunganishwa katika mradi wa SKA utakaofikisha madishi 197 huko. Zambia, jirani wa mpakani mwenye shaba kama yetu, imo katika nchi washirika za Afrika. Kongo haimo. Lakini tusijidanganye kwamba Kolwezi ingefaa kwa madishi: redio za mkononi za wachimbaji, minara ya simu, malori na mitambo ya kusaga mawe vingeziba sauti yote ya mbinguni. Kinachofaa kutoka hapa ni shaba yenyewe, maana vipokezi hupozwa hadi karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, na katika metali zote ni fedha tu inayoipita shaba kwa kupitisha joto. Huko Karoo ukimya wa redio unalindwa kwa sheria ya mwaka 2007. Simu huzimwa, na kompyuta za darubini, kwa kuwa nazo hupiga kelele za redio, zilichimbiwa handaki na kufunikwa udongo.