Kongosho Lataka Mikono Iliyolizoea

Mwaka 2002, watafiti wa Marekani wakiongozwa na John Birkmeyer walichapisha takwimu za kutisha kuhusu wazee waliokatwa sehemu ya kongosho. Katika hospitali zilizofanya upasuaji huo kwa nadra kabisa, walikufa takriban 16 kati ya kila 100. Katika zile zilizoufanya zaidi ya mara 16 kwa mwaka, vifo havikufika 4.

Kiungo chenyewe ni kikorofi. Kongosho lina urefu wa sentimita 15 hivi, limejificha nyuma ya mfuko wa chakula na kupakana na mishipa mikubwa ya damu. Hutengeneza insulini, na pia vimeng'enya vya kusaga protini na mafuta. Vikivuja, vimeng'enya hivyo huushambulia mwili wa mwenyewe.

Operesheni inayojulikana zaidi ina jina la Allen Whipple, daktari wa New York aliyeieleza mwaka 1935. Huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kifuko cha nyongo na kipande cha mrija wake. Kisha kongosho lililobaki, mrija wa nyongo na mfuko wa chakula huungwa upya na utumbo. Muungo wa kongosho ndio unaosumbua, kwa kuwa nyama yake ni laini na mrija wake una upana wa milimita chache tu. Hata bingwa hupata mshono unaovuja siku kadhaa baadaye.

Hapo ndipo hospitali inapopimwa.

Uholanzi iliweka sharti kwamba hospitali inayofanya upasuaji huu iufanye angalau mara 20 kwa mwaka. Kisha vituo vyake 17 vikajaribu utaratibu mmoja: kila siku dalili na vipimo vya damu vya mgonjwa hukaguliwa kwa mpangilio maalumu unaoelekeza lini apigwe picha ya CT, lini aanzishiwe antibiotiki, lini usaha utolewe kwa mpira. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Vifo ndani ya siku 90 vilishuka kutoka asilimia 5 hadi 3, bila dawa mpya wala mashine mpya.

Subira ina nafasi yake pia. Kongosho linapovimba vibaya, mara nyingi kwa sababu ya vijiwe vya nyongo au pombe, sehemu yake huweza kufa na kuingiwa na vijidudu. Zamani tumbo lilifunguliwa moja kwa moja. Utafiti mwingine wa Uholanzi, wa mwaka 2010, ulianza na mpira wa kutoa uchafu kupitia ngozi. Asilimia 35 ya waliotibiwa hivyo hawakuhitaji kisu kabisa.

Kwa hiyo mgonjwa anayeandaliwa kupasuliwa ana maswali mawili ya kuuliza mapema: operesheni hii hufanyika hapa mara ngapi kwa mwaka, na mshono ukivuja usiku wa manane, nani yupo zamu wa kupiga picha na kuweka mpira?