Kuasili Mtoto na Mpaka wa Songwe

Kuasili mtoto, yaani kupewa na mahakama mtoto aliyezaliwa na wengine ili awe wako kisheria, si hisani tu, kwa kuwa amri ya mahakama hukata haki na wajibu wa waliomzaa. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo na kumlea mtoto huyo kwa miezi 3 chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, tena pale tu mtoto anapokosa malezi yanayofaa nchini.

Uzito wa sharti kama hilo la ukaazi ulionekana Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe kutoka Kyela. Mwaka 2006 mwanamuziki Madonna aliruhusiwa kumchukua mtoto wa kituo cha yatima ambaye baba yake alikuwa hai. Aprili 2009 Mahakama Kuu ikakataa ombi lake la mtoto wa pili kwa kuwa hakuwa mkaazi, lakini Juni Mahakama ya Rufani ikalikubali. Umaskini wa baba, hata hivyo, haumfanyi mwanawe kuwa yatima, na kabla ya pasipoti kuandikwa ni haki bibi, shangazi na wajomba waulizwe kwanza, kisha wasaidiwe kumlea.