Dada kapata 500 kati ya 528: mbona anataka kurudia mtihani?

(Muziki wa kufungulia, unashuka)

MTANGAZAJI: Tuseme dada yako aliyehamishiwa Marekani amekutumia ujumbe wa sauti. Amefanya MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari. Kapata 500, na alama ya juu kabisa ni 528. Nyumbani mnapiga vigelegele. Halafu anasema ataurudia, ada ni zaidi ya dola 300, kwa hiyo kwa miezi kadhaa hataweza kutuma kitu. Hapo maneno yanaanza: 500 hiyo haimtoshi? Au ametusahau?

Msimhukumu haraka. Hesabu ya MCAT si ile ya mtihani wa serikali wa Kongo, ambako mtu akisema amepata asilimia 60 kila mtu anaelewa.

Mtihani huo una sehemu nne na maswali 230. Kwanza yanahesabiwa majibu sahihi peke yake. Ukikosa hupunguziwi kitu, ndiyo maana anayejua mambo haachi swali wazi. Hesabu hiyo ndiyo alama ghafi. Kisha inageuzwa kuwa alama ya kipimo: kila sehemu hupewa namba kati ya 118 na 132. Jumlisha zote nne, ya chini ni 472 na ya juu 528. Kwa hiyo hata aliyekosa kila swali hapewi sifuri, anapewa 472! Na 500 iko katikati kabisa, hatua 28 kutoka chini, 28 kutoka juu.

Kwa nini wazunguke hivyo? Mtihani hufanywa siku nyingi kwa mwaka, na maswali ya Machi si ya Agosti. Fikiria siku ya kugawa mahindi. Mstari mmoja unapimiwa kopo kubwa, mwingine kopo dogo. Makopo kumi ya huku si sawa na makopo kumi ya kule, mpaka mtu ayageuze kuwa kilo. (Na mambo ya kopo unayajua mwenyewe.) Alama ya kipimo ndiyo kilo. Kwa mfano tu: kwenye maswali magumu kidogo, majibu 38 sahihi yanaweza kukupa 124, na kwenye maswali mepesi ukahitaji 40 kupata 124 hiyo hiyo. Kinachopimwa hapo ni ugumu wa maswali. Hata ukikaa chumba kimoja na vipaji vitupu, alama yako haishuki kwa sababu yao.

Ripoti yake inaonyesha pia, kati ya watu 100, wangapi wamepata kama yeye au chini yake. Mwenye 500 yuko karibu na nusu. Hakufeli, maana MCAT haina alama ya kufaulu. Kila chuo huamua chenyewe. Lakini miaka ya karibuni wastani wa wanaoingia vyuo vya udaktari vya Marekani umekuwa karibu 512. Wapo wanaoingia na alama za chini ya hapo, ila mlango ni mwembamba.

Basi ukimpigia, muulize alama za sehemu nne, moja moja. Kama tatu ni 126 na ile ya kusoma na kuchambua habari ni 122, jumla ni 500, na sayansi haina shida kubwa. Kinachomrudisha nyuma ni kusoma Kiingereza kirefu kwa haraka, na huenda Kiingereza ni lugha yake ya nne. Muulize pia amefanya mara ngapi: mwisho ni mara tatu kwa mwaka, saba kwa maisha yote. Akishakujibu hayo, zungumzeni habari ya pesa.

(Muziki unapanda)