Dirisha la Land Rover Kuukuu

Bila shaka mmewahi kuiona Land Rover kuukuu ambayo vioo vyake vya mlangoni haviteremki bali husukumwa kando, kimoja kikipita nyuma ya kingine. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi yake ni ya mabati ya alumini. Mlango ni mwembamba, hauna nafasi ya kumeza kioo. Kwa hivyo dirisha ni fremu ya peke yake iliyofungwa juu ya mlango kwa nati, na vioo huteleza ndani ya mifereji yenye kitambaa cha manyoya. Series III, yenye madirisha hayo hayo, ilikoma kutengenezwa mwaka wa 1985.

Likizo ya Agosti, mzee mmoja wa kijijini kwetu alileta yake kwa mjomba wangu, fundi wa jua kali. Vioo vya upande wa dereva vilikuwa vimekwama kabisa. Fundi mwingine alikuwa amemshauri vizibwe kwa gundi, eti maji yasiingie. Mjomba akakataa katakata. Mvua ikinyesha na watu watano wamo ndani, pumzi zao hugeuka ukungu kwenye kioo cha mbele, na dirisha ndilo la kuutoa. Ukiliziba, dereva anaendesha kama kipofu, na barabara yetu mnaijua ilivyo na makorongo!

Sasa, dirisha hukwamaje? Watu hulaumu kioo, lakini kioo hakina hatia. Kile kitambaa cha chini hunyonya maji ya mvua na kuyashika kama sponji. Vumbi likiingia linakuwa matope. Fremu ya chuma inapata kutu, nayo kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, basi mfereji unakibana kioo. Na pale chuma kinapogusana na alumini penye maji, alumini ndiyo inayoliwa, unaona unga mweupe tu. Waliosikiliza Kemia wanajua kwa nini. Wengine wakamuulize mwalimu.

Kazi yenyewe inataka subira. Usichomeke bisibisi kando ya kioo ukaanza kugongagonga. Kioo hicho kilikazwa kwa moto: kinastahimili pigo la katikati, lakini kikigongwa ukingoni chote hupasuka kuwa punje punje. Wala usidhani utakata kingine cha aina hiyo kutoka gari kubwa. Hakikatiki. Itabidi utafute kile cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, ambacho fundi wa vioo hukata kwa kipimo.

Sisi tulitia mafuta ya kulegeza kutu, tukaacha mpaka kesho yake. Tukafungua nati, tukailaza fremu juu ya gunia, tukatoa skrubu za mfereji na vioo vikatoka polepole. Kitambaa kilichooza tulikikwangua kwa kisu, kisha brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Kabla ya kupaka rangi ya kuzuia kutu, mjomba alitoboa matundu madogo chini ya mfereji, upande wa nje, ili kingo zake nazo zipate rangi. Kitambaa kipya pia alikitoboa papo hapo. Rangi tuliipaka mara mbili, tukaingoja ikauke kabisa. Ukirudisha kioo rangi ikiwa mbichi, kinaganda tena. Grisi hatukutia hata tone, maana inashika vumbi. Tulisugua mshumaa tu.

Mzee hakutosheka na maneno. Aliomba kikombe cha maji, akamimina mferejini. Maji yakatiririka nje ya mlango, ndani hapakulowa. Akakisukuma kioo kwa kidole kimoja, kikaenda. Halafu akanigeukia: "Na ule upande wa abiria, mjukuu wangu, mnaufungua lini?"