Chanjo ya nimonia: Jinsi sukari ya bakteria inavyofungwa kwenye protini

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

BARIDI ya Juni na Julai inapobana uwanda wa juu wa Ufipa, akina mama wa Katandala, mjini Sumbawanga, huwabeba watoto wao mgongoni wakiwa wamefunikwa blanketi, na khanga juu yake. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Mtoto akianza kukohoa na kuhema haraka haraka, ugonjwa wa kwanza kutajwa ni nimonia.

Hofu hiyo ina msingi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2019 nimonia iliua watoto zaidi ya 740,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano duniani. Miongoni mwa wauaji wakubwa ni bakteria wawili: nyumokokasi, na mwenzake ajulikanaye kwa kifupi kama Hib. Wote wawili wakipenya hadi kwenye damu huweza pia kuleta homa ya uti wa mgongo.

Mtoto wa Tanzania huchomwa sindano za kumkinga na bakteria hao akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne. Kinga ya Hib imo ndani ya chanjo ya magonjwa matano kwa pamoja, maarufu kama Penta, iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2009. Chanjo ya nyumokokasi ilizinduliwa mwishoni mwa mwaka 2012 na kuanza kutolewa Januari 2013.

Mzazi anayesoma kadi ya kliniki anaweza kudhani kwamba chanjo hizi ni bakteria waliouawa na kutiwa katika kichupa. Sivyo. Kilichomo ni sukari ya bakteria iliyofungwa kwa nguvu za kemia kwenye protini ya ugonjwa mwingine kabisa, na bila kifungo hicho sindano isingemsaidia mtoto mchanga.

Nyumokokasi hujivika koti la sukari. Msomaji asifikirie sukari ya chai. Hii ni minyororo mirefu, jamaa ya wanga, inayomfunika bakteria mwili mzima. Mtu mzima akidungwa sukari hiyo peke yake, mwili wake hutengeneza kingamwili. Mtoto wa chini ya miaka miwili akidungwa, mwili wake karibu hautikisiki, na huo ndio umri ambao bakteria hao huua zaidi.

Sababu iko katika utaratibu wa askari wa mwili. Seli zinazotengeneza kingamwili, ziitwazo seli B, huweza kuitambua sukari. Lakini ili zifanye kazi kwa nguvu na kuweka kumbukumbu ya miaka mingi, huhitaji idhini ya seli nyingine, seli T, ambazo kwa kawaida hutambua vipande vya protini tu. Ni kama posa katika jamii zetu: kijana hata awe mwema namna gani, hasikilizwi mpaka aje na mshenga.

Protini ndiyo mshenga. Seli B inapoimeza sukari iliyofungwa kwenye protini, huvimeza vyote kwa pamoja, kisha huikatakata protini na kuvionyesha vipande vyake kwa seli T. Idhini hupatikana, na kingamwili dhidi ya sukari huanza kutoka kwa wingi. Vikichanganywa tu ndani ya kichupa bila kufungwa, hila hiyo hushindwa, kwa kuwa seli B iliyoitambua sukari haitaimeza protini inayoelea kando.

Wazo hili si geni. Mwaka 1931, Oswald Avery na Walther Goebel wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York waliifunga sukari ya nyumokokasi kwenye protini ya damu ya farasi, wakawadunga sungura, nao wakapata kinga. Hata hivyo, ilichukua zaidi ya nusu karne kabla ya chanjo ya kwanza ya aina hiyo, ile ya Hib, kuidhinishwa Marekani mwaka 1987.

Protini zinazotumika zaidi hutokana na sumu za pepopunda na dondakoo. Sumu ya pepopunda hupozwa kwa formalini, dawa ile ile inayofahamika katika vyumba vya kuhifadhia maiti. Ndani ya protini, formalini hushikanisha sehemu mbalimbali hadi sumu ipoteze makali huku umbo likibaki la kutambulika. Kwa dondakoo ipo njia nyingine: protini iitwayo CRM197, ambayo ni sumu ile ile iliyobadilika kiungo kimoja tu, cha 52, katika mnyororo wa viungo 535. Badiliko hilo dogo liliondoa sumu yote.

Baada ya hapo ndipo kazi ya kufunga huanza. Mnyororo wa sukari hukatwa kwa kemikali ili upate ncha zinazopenda kushikana. Ncha hizo hukutanishwa na viungo vya protini viitwavyo laisini, ambavyo CRM197 inavyo 39. Vikishikana, kemikali nyingine huongezwa ili kifungo kisifunguke tena. Vifungo vikiwa vichache mno, kinga huwa hafifu. Vikizidi, huifunika protini hadi seli T zisiitambue. Katika chanjo ya aina 13 za nyumokokasi iliyoingizwa nchini wakati ule, kila moja ya sukari hizo 13 hufungwa peke yake kabla ya kuchanganywa. Si ajabu chanjo hii ikawa miongoni mwa zilizo ghali kuliko nyingine za watoto.

Matunda yake yameonekana kwa majirani. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa maradhi makali yatokanayo na aina za nyumokokasi zilizomo ndani ya chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa mkoa wa Rukwa kuna jambo moja la kuangaliwa kwa makini, nalo ni barafu. Ndani ya kichupa, protini na sukari yake hunata juu ya chembe za chumvi ya aluminiamu zinazouamsha mwili. Chanjo ikiganda, chembe hizo hugandamana kuwa mabonge na haziachani tena hata barafu ikiyeyuka. Nguvu ya chanjo hupungua, na mtoto huweza kurudishwa nyumbani akidhaniwa amekingwa.

Chanjo hizi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Mhudumu anayeteremka Lyamba lya Mfipa kuelekea vijiji vya joto vya Bonde la Rukwa hushawishika kujaza barafu tele katika kasha. Pakiti za barafu zikiwekwa zikiwa ngumu moja kwa moja kutoka kwenye friza, huweza kuigandisha chanjo njiani. Hutakiwa kuachwa nje kwanza mpaka zikitikiswa maji yasikike yakicheza ndani.

Tatizo ni kwamba kibandiko cha mraba kilichoko kwenye kichupa, kinachobadilika rangi, hueleza habari za joto tu. Kuhusu kuganda hakisemi lolote. Mhudumu akiwa na shaka, hutikisa kichupa hicho pamoja na kingine cha aina hiyo hiyo kilichogandishwa kwa makusudi, kisha huviweka mezani na kuvitazama. Kichupa kinachoshukwa na mashapo polepole kuliko kile cha barafu hutumika. Kinachoshukwa sawa nacho, au kwa haraka zaidi, hutupwa.