Kombora halijui nunda ni yupi

Ubishi huu huzuka filamu ikiwa katikati. Kwa nini jamaa huyu mwenye mvi anahangaika na upanga? Leteni droni moja, dubwana life, watu wakalale. Anayesemwa ni Geralt wa Rivia, mwindaji wa madubwana aliyebuniwa na mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski, mwaka 1986. Wengi wetu tumemjulia kwenye michezo ya video au tamthilia ya Netflix: panga mbili, mmoja wa chuma na mmoja wa fedha, na bei anayoitaja kabla hajazichomoa. Wabishi wanasema jeshi lolote la leo lingemfuta kazi kwa wiki moja.

Nusu ya hoja hiyo naikubali. Joka linaloruka mchana kweupe juu ya uwanda sina ubishi nalo. Kombora la kutungulia ndege litalimaliza mwindaji akiwa bado anafunga viatu. Chochote kikubwa, kilicho wazi, chenye nyama na damu, hakina maisha marefu mbele ya mizinga. Shida ni kwamba madubwana ya namna hiyo ndiyo machache kwenye hadithi zenyewe.

Chukua hadithi ya kwanza kabisa ya Geralt. Mfalme Foltest ana binti aliyezaliwa na laana, anayelala ndani ya jeneza la mawe na kutoka usiku kurarua watu. Dau ni orena 3,000, lakini mfalme hataki binti yake auawe. Anataka arudi kuwa mtu. Dawa yenyewe ni kumzuia asirudi jenezani mpaka majogoo wawike. Geralt anapigana naye, kisha anajifungia ndani ya jeneza hilo hadi alfajiri. Sasa peleka ndege za kivita. Utavuna kasri lililobomoka, maiti ya binti mfalme, na mteja asiyelipa.

Tusiishie kwenye ngano. Mwaka 1764, katika milima ya Gévaudan kusini mwa Ufaransa, mnyama alianza kuua wachungaji, wengi wao watoto na wanawake. Silaha za kisasa za wakati ule zilikuwa mikononi mwa jeshi la Mfalme Louis wa 15, na jeshi likaja: askari wa farasi chini ya Kapteni Duhamel, baadhi yao wakivalishwa nguo za kike ili kumvuta mnyama. Hawakumpata. Wakafuata wawindaji mashuhuri wa mbwamwitu kutoka Normandy, nao wakashindwa. Mwezi Septemba 1765, François Antoine, mbeba bunduki wa mfalme, aliua mbwamwitu mkubwa. Mzoga ukapelekwa Versailles, watu wakapongezana, mambo yakaonekana yamekwisha. Kabla ya mwaka kuisha, vifo vilianza upya. Ilipofika Juni 1767 ndipo Jean Chastel, mwenyeji wa milima hiyo, alipompiga risasi mnyama mwingine, na mauaji yakakoma.

Chastel alitumia bunduki, kweli. Lakini Duhamel naye alikuwa nazo, tena nyingi kuliko yeye. Na hata kule Tsavo, Kenya, mwaka 1898, mhandisi wa reli Patterson hakukosa bunduki. Simba wawili wala watu waliwasumbua wajenzi wa reli kuanzia Machi, naye akawaangusha Desemba.

Kisa ninachokipenda zaidi, ingawa si cha dubwana, ni cha Australia. Novemba 1932, wakulima wa ngano wa Campion, Australia Magharibi, walivamiwa na emu wapatao 20,000. Serikali ikamtuma Meja Meredith na bunduki mbili za rashasha na risasi 10,000. Ndege wale wakatawanyika vikundi vikundi kila risasi zilipolia. Bunduki moja ikafungwa juu ya lori, lori likarukaruka mashimoni hata mpigaji asiweze kulenga. Meredith alidai ameua emu 986 kwa risasi 9,860, yaani kumi kamili kwa kila ndege, hesabu nadhifu mno kwa mtu aliyekuwa akifukuzana nao porini. Jeshi likarudi kambini. Baadaye serikali ikategemea malipo kwa kila kichwa cha emu, na mwaka 1934, katika muda wa miezi sita, yakalipwa malipo zaidi ya 57,000. Waliofanya kazi ni watu wa pale pale, waliolipwa kwa kichwa. Geralt angeuelewa mkataba huo bila kufafanuliwa.

Sisi wa pwani hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika hadithi ya Sultani Majnuni, iliyochapwa na Askofu Steere mwaka 1870 miongoni mwa ngano za Unguja, nunda mla watu alianza akiwa paka wa sultani. Watu walilalamika, sultani akajibu kuwa paka ni wake na vinavyoliwa ni vyake. Hakuna silaha inayotibu mtawala wa aina hiyo. Na mtoto wake wa mwisho alipotoka kuwinda, kazi kubwa ilikuwa kumtambua adui: alileta mnyama huyu, akaleta yule, na kila mara mama yake akamwambia huyo siye.

Huyo siye. Pepo aitwaye Popobawa alipozua hofu Pemba na Unguja mwaka 1995, watu walilala nje wamekusanyika, na mtu mmoja asiye na hatia, mgonjwa wa akili, aliuawa na umati akidhaniwa ndiye. Hebu fikiria umati ule ungekuwa na rashasha.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: silaha za leo zingempunguzia mwindaji hatari, na pengine ujira, lakini kazi ingebaki yake. Geralt angenunua darubini ya usiku na bunduki nzuri, kisha angeendelea kukaa kijijini siku mbili tatu akiuliza nani kafa, wapi, saa ngapi, na nani alimfuga mnyama huyo tangu mwanzo. Jeshi haliulizi swali hilo la mwisho, hasa jibu likiwa ikulu.